Mama anazima alamu, kisha anasahau: kikumbusho cha dawa cha kujitengenezea nyumbani

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana miaka 71, anaishi Muheza na mjukuu wake anayesoma sekondari. Anatumia metformin asubuhi na usiku kwa ajili ya sukari, na amlodipine asubuhi kwa ajili ya presha. Nilimwekea alamu kwenye simu yake ya kitochi. Inalia, anaizima, anaendelea na shughuli zake, dawa anaisahau. Mara mbili amerudia dozi ya asubuhi kwa kutokumbuka kama ameshakunywa. Mimi niko Dar. Nilisoma umeme VETA, kulehemu naweza, na Arduino, ile bodi ndogo ya umeme inayopangiwa programu, nimeichezea kidogo. Nataka nimtengenezee kifaa kinachomkumbusha, kisichoharibiwa na umeme kukatika, na mimi nijue kama amekunywa. Nianzie wapi? Na mwezi wa Ramadhani tutafanyaje?

JIBU: Marahaba. Katika swali lako sentensi nzito kuliko zote si ile ya kuzima alamu. Ni ile ya kurudia dozi. Alamu ya simu inajibu jambo moja tu: "Wakati umefika?" Mama yako ana swali lake la pili: "Hivi nimeshakunywa?" Hilo simu hailijibu, na ndilo lenye hatari. Metformin ikirudiwa mara moja mara nyingi huishia kwenye kichefuchefu na kuharisha. Amlodipine ikizidi hushusha presha, mtu akapata kizunguzungu na pengine akaanguka. Lakini siku daktari akimwongezea glibenclamide (kidonge kingine cha sukari) au insulini, kurudia dozi kunaweza kushusha sukari mpaka azimie. Kwa hiyo kifaa chetu kitajibu maswali yote mawili, na kila yatakapogongana, la pili ndilo litakalopewa nafasi.

KISANDUKU KABLA YA UMEME

Tafuta visanduku viwili vidogo vya plastiki vyenye vifuniko vya bawaba, kimoja cha asubuhi na kimoja cha usiku, uvigandishe juu ya boksi moja litakalobeba umeme wote. Ndani ya kila kisanduku iwemo dozi moja tu. Mjukuu ataviweka vidonge vya kesho kila usiku, bibi akishakunywa dozi ya usiku. Hapo tayari umejibu nusu ya tatizo bila waya hata mmoja, kwa sababu kisanduku kitupu hakidanganyi. Betri ikifa, saa ikiharibika, laini ikifungwa, mama akifungua kifuniko na kukuta hamna kitu anajua ameshakunywa. Karatasi ya foili ikatwe kwa mkasi kuzunguka kila kidonge, vidonge vyenyewe visibanduliwe, maana hewa ya mkoa wa Tanga ina unyevu mwingi na kidonge kilicho wazi huanza kulainika na kubomoka.

Kwenye kifuniko cha usiku gandisha kifungo cha shati, ili aweze kukitofautisha kwa kidole hata taa ikiwa imezimwa. Boksi likae mezani pale anapolia chakula, karibu na jagi la maji, mbali na jiko na dirisha la jua. Usiliweke chumbani. Metformin hunywewa pamoja na chakula, na kikumbusho kinachoita chumbani wakati chakula kiko sebuleni kinamlazimisha mtu akumbuke kwa hatua ishirini za njiani. Ndani ya hatua hizo ishirini ndimo dawa husahaulika.

Sasa weka swichi ya sumaku kwenye kila kisanduku: kile kijibomba cha kioo chenye urefu wa takriban milimita 14, na sumaku ndogo kwenye kifuniko mkabala nacho. Kifuniko kikifungwa, sumaku ikae ndani ya sentimita moja ya swichi. Miguu ya swichi hii usiikunje kwa vidole. Shika mguu kwa koleo karibu na kioo, kisha kunja upande wa nje wa koleo, vinginevyo kioo kinapata ufa usioonekana na baada ya wiki mbili swichi inaanza kufanya kazi inapotaka. Ukipata zile zilizokwisha kufungiwa kwenye plastiki, za kufunga milangoni, chukua hizo.

Kitufe cha "nimekunywa" usikiweke kabisa. Kitufe hubonyezwa ili kelele zinyamaze, kama alamu ya simu inavyozimwa leo. Kinachonyamazisha kifaa kiwe ni kitendo chenyewe: kifuniko kimefunguliwa, kimekaa wazi angalau sekunde tatu, kikafungwa. Ni kweli mtu anaweza kufungua na asimeze, lakini mkono wake ukishafika kwenye kidonge, maji yakiwa pembeni, kazi kubwa imekwisha.

TAA MBILI, SI MOJA

Kosa la wengi ni kuweka taa moja: inawaka kama bado, inazimika akishakunywa. Fikiria kifaa kikifa. Taa imezimika, na mama anasoma "nimeshakunywa". Ukigeuza, iwake akishakunywa, kifaa kikifa anasoma "bado" na kurudia dozi. Njia zote mbili zinadanganya. Weka taa mbili kwa kila kisanduku: ya njano upande wa kushoto maana yake bado, ya kijani upande wa kulia maana yake tayari. Wakati wote moja kati ya hizo lazima iwake. Zote zikizimika, kifaa kinaumwa, na jambo hilo mama na mjukuu waambiwe wazi siku ya kwanza. Mahali pa taa pabebe maana kuliko rangi yake, kwa sababu mtoto wa jicho na uzee hufifisha rangi.

VIFAA VYA KUNUNUA

Utapata karibu vyote Kariakoo. Arduino Pro Mini ya volti 3.3 na megahetzi 8. Moduli ya saa ya DS3231. DFPlayer Mini, yaani kicheza sauti, pamoja na memori kadi ndogo isiyozidi GB 32. Spika ya omu 8, wati 2 au 3, kipenyo cha sentimita 6 hadi 8. Moduli ya simu ya SIM800L. Moduli ya kuchajia ya TP4056 ile yenye ulinzi wa betri (ina matundu ya OUT+ na OUT-, si B+ na B- peke yake). Betri moja ya 18650. Swichi mbili za sumaku. LED nne na rizista zake za omu 220. Kitufe kimoja kikubwa cha "sikiliza tena". Swichi moja ya kuwasha na kuzima kwa ajili ya Ramadhani. Kapasita za mikrofaradi 1000 mbili na 470 moja. Utahitaji pia kile kiunganishi cha USB cha kupakia programu, maana Pro Mini haina tundu la USB.

Utashawishika kuchukua Nano kwa sababu inapatikana kila duka. Nano inatumia volti 5, na hapo matatizo mawili yanaingia. La kwanza, SIM800L huzungumza kwa volti 2.8, ilhali chipu ya Nano ikiwa kwenye volti 5 inahitaji angalau volti 3 ili ihesabu "moja". Itafanya kazi mezani kwako na kugoma Muheza. La pili ni saa. Zile moduli za bluu za DS3231 zina rizista na dayodi zinazochaji betri yake ndogo, zikitegemea ni LIR2032 inayochajika, ilhali wengi huweka CR2032 isiyochajika. Kwa volti 5 betri hiyo inachajiwa kwa nguvu, inavimba, na inaweza kuvuja. Kwa volti 3.3 chaji hiyo haifiki, na tatizo halipo. Kama huna budi kutumia Nano, ing'oe dayodi hiyo kabla ya kuweka CR2032.

Saa yenyewe iwe DS3231, si DS1307. DS1307 hutegemea kristali ya nje isiyorekebishwa kwa joto, na kuachana na saa ya kweli kwa dakika moja kila mwezi si ajabu. DS3231 hujirekebisha kwa joto, na ndani ya mwaka mzima hukosea kama dakika moja tu. Betri yake ndogo huifanya itembee hata kila kitu kingine kikizimika.

UMEME UKIKATIKA AU LUKU IKIISHA

Chaja ya simu ya volti 5 inaingia TP4056, TP4056 inachaji 18650, na kila kitu kinakula kutoka OUT+ na OUT-. Pro Mini inapata umeme kupitia tundu la RAW. Saa inachukua volti 3.3 kutoka Pro Mini. DFPlayer na SIM800L zinachukua moja kwa moja kutoka OUT, kwa sababu kidhibiti kidogo kilichomo kwenye Pro Mini hutoa takriban mA 150 tu, na SIM800L ikianza kutuma huvuta hadi ampea 2 kwa mipigo mifupi. Volti za 18650, 3.5 hadi 4.2, zinaangukia vizuri ndani ya kile SIM800L inachotaka, yaani 3.4 hadi 4.4.

Hapa ndipo wengi hukwama. Moduli inawaka, inashika mtandao, ukituma ujumbe inajizima na kuanza upya. Sababu karibu kila mara ni waya. Waya mwembamba wa majaribio pamoja na viunganishi vyake unaweza kuwa na omu 0.3, kwa ampea 2 unapoteza volti 0.6, na betri iliyokuwa 3.7 inafika kwenye moduli ikiwa 3.1. Tumia waya wa milimita za mraba 0.75 (kama ule wa taa), usizidi sentimita 10, ulehemu moja kwa moja, na kapasita zote mbili za mikrofaradi 1000 zikae kwenye miguu ya SIM800L yenyewe. Ile ya 470 ikae kwenye DFPlayer.

Kifaa kikiwa kimya kitakula takriban mA 50. Betri nzuri ya mAh 2500 itakibeba karibu siku mbili. Zingatia neno "nzuri". Hakuna 18650 ya kweli yenye mAh 9900, hata iandikwe kwa dhahabu. Za kweli huishia karibu 3500, na uzito wake ni kama gramu 45. Ipime kwenye mizani ya duka la viungo. Ikiwa nyepesi sana, iache hapohapo.

TP4056 usiipunguzie kasi ya kuchaji kwa kubadilisha rizista yake, ingawa utaona ushauri huo mahali pengi. Moduli hiyo hukata chaji mkondo ukishuka hadi sehemu moja ya kumi ya kiwango kilichowekwa. Kwa ampea 1, hukata kwenye mA 100, na mA 50 zetu hazisumbui. Ukiishusha hadi nusu ampea, kikomo kinakuwa mA 50, sawa na kile kinacholiwa na kifaa chetu, na betri haitamaliza kuchajiwa kamwe. Itakaa kwenye volti 4.2 usiku na mchana na kuzeeka mapema.

SAUTI

Baza ile inayolia "tiii" iache. Masikio ya mzee hupoteza kwanza sauti nyembamba, na baza nyingi hulia kwenye hetzi 2000 hadi 4000, hukohuko kulikopotea. Kwenye ving'ora vya moto vya vyumba vya kulala katika majengo mengi, kama hoteli, Marekani imelazimika kutumia mlio mzito wa hetzi 520 kwa sababu huamsha wazee vizuri kuliko ule mwembamba wa hetzi 3000 na kitu. Kwa hiyo anza kila wito kwa mlio mzito wa sekunde mbili, ngoma ndogo hata, kisha sauti ya mtu.

Sauti iwe ya mtu anayempenda, yenye kina, isiyokimbia. Rekodi kwa simu ndani ya chumba chenye nguo na magodoro ili pasiwe na mwangwi. Herufi za s, f, sh na t ndizo humezwa kwanza na masikio yaliyochoka, kwa hiyo "saa sita" na "saa tisa" kwake ni kitu kimoja. Usitegemee namba peke yake. Sema wakati kwa kitu anachokijua. "Mama, kumekucha. Ukishapata chai na kitafunwa, fungua kisanduku cha asubuhi." Sekunde sita hadi nane zinatosha. Jina la ugonjwa na la dawa lisitajwe; wageni huwa sebuleni.

Faili zihifadhiwe kwenye folda iitwayo mp3, zikiwa na majina 0001.mp3, 0002.mp3, na kuendelea. Ukizimwaga tu kwenye kadi, DFPlayer huweza kuzihesabu kwa mpangilio ulivyozinakili, na mama atasikia ya usiku asubuhi. Weka rizista ya kiloomu 1 kati ya Pro Mini na mguu wa RX (wa kupokea) wa DFPlayer, inapunguza mvumo. Spika iungwe kwenye miguu ya SPK zote mbili, wala upande wowote usiguse hasi. Ifungwe kwenye boksi lililozibwa nyuma, kwa sababu spika iliyo wazi huacha sauti ya mbele na ya nyuma zikafutana, na zinazofutika ni zile nzito tunazozitafuta. Antena ya SIM800L ielekee upande mwingine, la sivyo utasikia ule mkwaruzo wa "drrr" unaoujua kwenye redio simu inapotaka kuita.

PROGRAMU: PALE INAPOHARIBIKA

Nyaya za mawasiliano (D na A ni majina ya miguu ya Pro Mini): saa kwenye A4 na A5, DFPlayer kwenye D10 na D11, SIM800L kwenye D7 na D8, swichi za vifuniko D2 na D3 kwa INPUT_PULLUP (amri inayowasha rizista ya ndani ya mguu), taa D4, D5, D6 na D9, kitufe cha kusikiliza tena D12, swichi ya Ramadhani A2, A0 isome kama chaja ina umeme na A1 isome volti za betri, zote kupitia jozi ya rizista za kiloomu 100 zinazogawa volti nusu. Kati ya D inayotuma na RX ya SIM800L weka kiloomu 1, na kutoka RX kwenda hasi weka kiloomu 5.6, ili volti 3.3 ishuke hadi 2.8.

Kosa la kwanza ni letu sisi Waswahili. Saa ya kifaa inahesabu kutoka usiku wa manane. Saa moja asubuhi ni 7, saa mbili usiku ni 20. Ukiandika 1 ukimaanisha saa moja asubuhi, mama ataitwa saa saba usiku. Andika juu ya kila muda maelezo yake kwa Kiswahili ndani ya programu, na ujumbe utakaotumwa uongeze au upunguze saa 6 ili usomeke kama tunavyosema.

Kosa la pili ni kuacha amri ya rtc.adjust ikitekelezwa kila kifaa kinapowaka. Mifano mingi ya programu inaipanga saa kwa muda ule programu ilipotayarishwa kwenye kompyuta. Siku ya kwanza iko sawa. Umeme ukikatika wiki ya tatu, saa inarudi kwenye Jumamosi ile uliyokuwa Dar unapakia programu. Ipange saa pale tu rtc.lostPower inaposema saa ilisimama, na hata hapo washa taa zote zimemete ili mtu ajue.

La tatu: usiulize "je, ni saa 7 kamili, dakika 0, sekunde 0?" Sekunde hiyo ikipita wakati sauti nyingine inasikika, dozi imerukwa siku nzima. Uliza "je, tumefika au tumepita 7:00, bado tuko ndani ya dirisha, na dozi hii haijathibitishwa?" Swali hilo linaweza kuulizwa mara elfu na jibu likabaki sahihi.

La nne, uthibitisho uandikwe kwenye EEPROM (kumbukumbu ya ndani isiyofutika umeme ukikatika), tarehe na dozi, papo hapo kifuniko kinapofungwa. Kifaa kikizimika na kuwaka tena kinasoma saa, kinasoma EEPROM, na taa sahihi inarudi. Usihofu kuichakaza: inavumilia maandishi 100,000, nawe utaandika mara mbili kwa siku. Siku ya kifaa ianze saa tisa usiku, yaani 3:00, si usiku wa manane, ili dozi ya usiku iliyochelewa isihesabiwe kuwa ya kesho.

Dirisha la kila dozi lifunguke dakika 90 kabla ya wito na lifungwe saa mbili baada yake. Mama akifungua kisanduku mwenyewe kabla ya wito, ipokee kuwa amekunywa na usimwite kabisa. Kumkumbusha mtu jambo alilokwisha kulifanya ndiko kunakomfundisha kupuuza. Akifungua tena kisanduku cha dozi iliyothibitishwa, sauti nyingine ijibu: "Mama, ya asubuhi umeshakunywa." Kitufe kikubwa nacho kikibonyezwa kiseme hivyohivyo, au kiseme bado. Hicho ndicho kitufe pekee anachohitaji. Dirisha likifungwa bila dozi kunywewa, kifaa kinyamaze na taa ya njano ibaki, akifungua baada ya hapo kiseme "Mama, muda umepita, mpigie kwanza mwanao." Mfamasia anayempa dawa muulize mapema nini cha kufanya kwa dozi iliyopita. Jibu la kawaida ni kutofidia kwa dozi mbili, lakini la mama yako litoke kwake, na uliandike kwenye karatasi ndani ya boksi. Kifuniko kikiachwa wazi dakika tano, kiseme "funga kisanduku".

Washa na mlinzi wa ndani, watchdog, wa sekunde 8, ili programu ikiganda ijianzishe upya. Baadhi ya Pro Mini zenye programu ya kuanzia ya zamani huingia kwenye mzunguko wa kujizima na kuwaka bila mwisho. Ikikutokea, pakia Optiboot, programu ya kuanzia iliyo mpya zaidi, kwanza.

BIPU KABLA YA UJUMBE

Mama hakai mezani siku nzima. Yuko uani, kwa jirani, kwenye kikundi. Boksi halimfuati, lakini kitochi kimefungwa kwenye kanga yake. Kwa hiyo ngazi ziwe hivi: sauti kwenye muda wake, ikirudiwa kila dakika tano na kupanda kutoka kiwango cha 15 hadi 25 kati ya 30 za DFPlayer (zaidi ya hapo spika ndogo hukwaruza). Dakika ya 20 kifaa kinambipu. Weka namba ya kifaa kwenye simu yake kwa jina DAWA na mlio wake wa peke yake. Amri ni ATD, namba, kisha nukta mkato. Ukiisahau hiyo nukta mkato, moduli hudhani unapiga data na simu haiiti. Baada ya sekunde 20, ATH, kata. Asipopokea, haikugharimu chochote.

Dakika ya 45 ujumbe mfupi uende kwa mjukuu au jirani, mtu anayeweza kufika mlangoni. Kwako wewe uende dakika ya 75. Wengi huanza na mtoto aliye mbali, naye hana la kufanya ila kuanza kupiga simu kwa wasiwasi kwa yuleyule jirani.

Halafu kila siku saa tatu usiku kifaa kikutumie ujumbe mmoja hata kama kila kitu kiko sawa: "Asubuhi 1:12. Usiku 2:05. Betri 4.1. Umeme upo." Huo ndio muhimu kuliko ujumbe wa hatari. Kifaa kilichokufa hakitumi ujumbe wa hatari, na ukimya wake unafanana kabisa na ukimya wa nyumba yenye amani. Saa tatu na nusu ikifika bila ujumbe, piga simu. Ujumbe huo pia unaifanya laini itumike, maana laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa. Toa PIN kwenye laini kabla ya kuiweka, isajiliwe kwa alama za vidole zako au za mama, na uiweke kifurushi cha SMS.

SoftwareSerial, ile maktaba ya programu inayoipa Pro Mini milango ya ziada ya mawasiliano, husikiliza mlango mmoja tu kwa wakati. DFPlayer ikiwa ndiyo inayosikilizwa, jibu la SIM800L litapotea na utadhani ujumbe haukwenda, uutume mara tatu. Tumia listen() kabla ya kila zamu, kasi iwe 9600 kwa zote mbili. Na usitume ujumbe huku sauti ikisikika. Mivuto miwili ya umeme kwa pamoja ndiyo inayoangusha betri iliyozeeka.

WIKI MOJA MEZANI KWAKO

Usikipeleke Muheza kabla hakijakaa kwako siku saba na dozi za pipi. Chomoa chaja katikati ya sauti. Chomoa betri kati ya wito na kufungua kifuniko, irudishe, uone kama kinaendelea kuita. Chomoa betri baada ya kuthibitisha, uone kama kijani kinarudi. Panga saa ya kifaa isome 02:58, yaani saa nane na dakika 58 usiku, uone taa zikirudi njano. Toa laini, uone kama kifaa kinaganda kikisubiri mtandao au kinaendelea na sauti kama kawaida. Kila kusubiri jibu la SIM800L kuwe na kikomo cha sekunde 10, kikivunjwavunjwa ili mlinzi wa ndani asikiue. Kiache siku mbili bila chaja mpaka betri ifike volti 3.5 na ujumbe wa betri ukufikie.

Kisha kaa na mama siku mbili za kwanza. Mwambie wazi kwamba kinakutumia taarifa, na nani mwingine anapata. Asipotaka jirani ajue, badilisha namba.

RAMADHANI

Kabla ya swichi yenyewe, nendeni kliniki Shaabani haijaisha. Mwenye kisukari kufunga au kutofunga, na dozi zigawanyweje, huamuliwa na daktari kwa kuangalia dawa zake na vipimo vyake. Akiruhusiwa, kwa kawaida metformin inahamia futari na daku, na wakati mwingine mgawo wenyewe unabadilika. Kwenye kifaa, swichi ya A2 ichague ratiba ya pili na rekodi za pili: "Mama, ukishafuturu…" na "Mama, ni wakati wa daku…". Katika ratiba hiyo siku ya kifaa isianze saa tisa usiku, kwa sababu dirisha la daku linafunguka hukohuko. Ianze saa sita mchana, ambapo hakuna dozi karibu, na kisanduku chenye kifungo cha shati kiwe cha futari. Magharibi hupanda na kushuka kwa takriban nusu saa katika mwaka, na Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo muda wa futari uupange upya kila mwaka, robo saa baada ya adhana ya siku ya mwisho ya mwezi au ya kwanza, ile iliyo ya baadaye zaidi. Mwezi wa Shawwali ukiandama, mjukuu ndiye arudishe swichi, asubuhi ya Idi baada ya dozi ya asubuhi kuwekwa kisandukuni.